Gari la Mseto na Jicho la Jirani



Kuna suali ambalo wazee wetu walikuwa wakiliuliza juu ya sadaka, juu ya kuchimba visima na juu ya karamu za harusi. Nalo ni hili: mtu akitenda jambo jema ili aonekane na watu, je, jema lile labaki kuwa jema? Mwenye njaa aliyelishwa ameshiba. Tumbo lake halikuuliza nia ya mlishaji. Lakini mlishaji naye, amepata nini?

Suali hili halijazeeka. Mimi limenijia kwa mlango nisioutazamia, yaani mlango wa gari. Na kwa kuwa huenda nawe likakujia kwa mlango huo huo, nakuomba tukae pamoja kidogo tulitazame.

GARI LENYEWE

Bila shaka umekwisha kuyaona magari haya. Hushuka katika bandari za Mombasa na Dar es Salaam pamoja na magari mengine yaliyotumika Japani. Watu huyaita haibridi. Wengine husema gari la mseto, na jina hilo limekaa vizuri, maana mseto wetu wa jikoni ni mchele na chooko katika chungu kimoja, na gari hili ni injini ya petroli na mota ya umeme chini ya boneti moja.

Kazi yake si uchawi. Gari la kawaida likiwa katika mwendo kisha ukakanyaga breki, mwendo ule wote ulioulipia kwa petroli hugeuka joto katika breki, ukapotea hewani. Gari la mseto halikubali hasara yote hiyo. Ukikanyaga breki, magurudumu huizungusha mota, nayo mota hugeuka kuwa dainamo na kutia umeme katika betri. Ukiondoka tena, umeme ule ule husaidia kulisukuma gari. Ni kama mama aliyemaliza kupika, akayazima makaa yaliyosalia na kuyaweka kwa chai ya jioni. Makaa yale yalikwisha kununuliwa; kuyaacha yawe majivu ni hasara tupu. Kwa sababu hiyo faida kubwa ya gari hili iko mjini, penye foleni na kusimama kila mara. Katika njia kuu ndefu, ambako dereva hagusi breki ila mara chache, faida hupungua.

Basi kitu kama hiki, chenye kupunguza matumizi na kupunguza moshi, ungedhani kitajiuza chenyewe. Wahenga walisema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini habari ya kuuzwa kwa magari haya ina mafunzo ambayo methali hiyo haikuyamaliza.

HABARI YA KUUZWA KWAKE

Kampuni ya Toyota ilianza kuuza gari lake liitwalo Prius huko Japani mwezi wa Desemba 1997, mwezi ule ule ambao mataifa yalikutana katika mji wa Kyoto kupatana juu ya kupunguza hewa chafu inayoizidishia dunia joto. Marekani gari la kwanza la namna hii kuuzwa lilikuwa Insight la kampuni ya Honda, kigari cha watu wawili, Desemba 1999. Prius likafuata mwaka 2000. Mwanzoni wanunuzi wengi waliyatazama kwa shaka. Betri itadumu kweli? Fundi gani ataijua? Na ile bei ya ziada, petroli iliyookolewa itailipa lini? Hizo ndizo hofu zile zile utakazozisikia barazani kwetu, mtu akisema: betri ikifa, nawe umekufa nayo.

Mwaka 2003 mambo yalibadilika. Prius lilitoka na umbo jipya, umbo la peke yake, hata mtoto aliweza kulitambua kwa mbali. Mwaka huo huo baadhi ya wachezaji sinema mashuhuri walifika katika sherehe ya tuzo za Oscar kwa Prius, wakayaacha yale magari marefu ya kifahari. Wakati huo Honda ilikuwa imekwisha kuanza kuuza Civic la mseto, gari zuri la kazi ile ile. Lakini kwa nje lilikuwa Civic tu, kama Civic nyingine zote; kulijua kulihitaji usogee usome kibandiko kidogo cha nyuma.

Sasa tazama yaliyotokea. Mwaka 2007 Wamarekani walinunua Prius zaidi ya 180,000. Civic za mseto walizonunua mwaka huo hazikufika 35,000. Na mwaka huo huo gazeti la New York Times lilieleza matokeo ya uchunguzi mmoja wa biashara ya magari: katika kila wanunuzi 100 wa Prius, 57 walisema sababu yao kubwa ni kwamba gari lile latangaza wao ni watu wa namna gani. Waliotaja kuokoa petroli walikuwa wachache kuliko hao, na waliotaja kupunguza moshi wachache zaidi.

Miaka michache baadaye wanauchumi wawili, Steven Sexton na Alison Sexton, walichunguza jambo hili katika majimbo ya Colorado na Washington. Walichapisha matokeo yao mwaka 2014. Waliona kuwa wenye Prius walikuwa tayari kulipa kiasi cha dola 430 mpaka dola 4,200 kwa ajili ya ile alama tu ya kujulikana, na kiasi chenyewe kilitegemea wanapoishi. Mahali ambapo majirani wanajali sana mambo ya mazingira, alama ile ilikuwa na thamani kubwa. Mahali ambapo hawajali, thamani yake ilishuka.

Zifikiri fedha hizo, ndugu yangu. Hazikuwa za injini, wala za betri, wala za viti. Zilikuwa bei ya jicho la jirani.

USICHEKE UPESI

Pengine umetabasamu, ukasema: hao ndio Wamarekani! Ngoja kidogo. Pita katika mitaa ya zamani ya Lamu au ya Mji Mkongwe wa Unguja, uitazame milango ya nakshi. Nakshi zile zimeelekea wapi? Zimeelekea njiani. Mwenye nyumba akiwa amekaa ndani hazioni. Zilichongwa kwa ajili ya mpita njia. Tangu zamani sisi wa pwani twajua sana kununua jicho la jirani.

Tena kuna hoja mbili za kuwatetea wale wanunuzi, na insafu yataka tuzisikilize.

Ya kwanza ni kuwa hewa haiulizi nia. Prius lililonunuliwa kwa majivuno latoa moshi kidogo sawasawa na lililonunuliwa kwa unyenyekevu. Mtoto mwenye pumu anayekaa kando ya njia hapati nafuu zaidi kwa sababu dereva aliyepita ana moyo safi.

Ya pili ni kuwa kuonyesha huenda kukawa mwito. Wanachuoni wametufundisha kuwa sadaka ya siri ina daraja yake, na ya dhahiri nayo yaweza kuwa na fadhila pale inapowahimiza wengine kutoa. Mtu aliyenunua gari la mseto mwanzoni, majirani wakamwona mwaka wa kwanza na wa pili na wa tano, na betri haikufa, amewaondolea wengine hofu. Bila wanunuzi wale wa mwanzo, viwanda visingeendelea. Kufikia mwaka 2007 Toyota ilikuwa imeuza magari ya mseto milioni moja. Kufikia Januari 2017 yalikuwa yametimia milioni 10. Huenda wengi katika hao walifuata kwa sababu waliona.

Basi kesi imekwisha? Mimi nilidhani imekwisha, na kwa muda mrefu nilizitumia hoja hizi mbili kuwanyamazisha watu. Mpaka yaliponifika mwenyewe.

YALIYONIFIKA

Nilikuwa na gari dogo la petroli, zima, lisilo na ila yoyote. Lilikuwa likienda kilomita 15 kwa lita. Nikaliuza, nikaongeza akiba ya miaka mitatu, nikanunua gari la mseto lililotumika, liendalo kilomita 24 kwa lita. Barazani nikasema nimelinunua kwa ajili ya hewa wanayoivuta watoto wetu. Watu wakanisifu. Neno lile likawa tamu mdomoni mwangu, nikawa nalirudia kila akitokea mtu mpya, hata wale wa zamani wakaanza kulimalizia kabla yangu.

Nyumba ya tatu kutoka kwangu yupo mzee mmoja ambaye mimi humwita Ami kwa heshima. Ana pikapu kuukuu ya dizeli. Moshi wake mweusi umeacha doa katika ukuta wangu niliopaka chokaa, maana huiwasha kila alfajiri akienda kuchukua samaki. Mchana hubeba mchanga na mbao. Na usiku mtaa mzima wajua ni mlango upi wa kugonga akiugua mtu. Akina mama waliopelekwa kujifungua kwa pikapu ile, na maiti waliopelekwa makaburini, hawana idadi. Sijasikia hata siku moja kuwa amemtoza mtu nauli ya ugonjwa.

Miezi miwili baada ya mimi kununua gari, Ami alinijia baada ya sala ya alasiri, akaketi. Fundi alikuwa amemwambia kuwa injini imechoka. Akiitoa akatia nyingine iliyotumika lakini nzima, moshi utapungua sana na mafuta nayo yatapungua. Fedha alikuwa nayo nusu.

"Mwanangu," akasema, "nikopeshe hiyo nusu ya pili. Nitakulipa kidogo kidogo, mwaka hautakwisha."

Nikamwambia kweli: "Sina, Ami. Akiba yangu yote nimeitia katika gari hili."

Akaligeukia gari, akalitazama. Hakufanya kejeli, wala yeye si mtu wa kejeli. "Zuri," akasema. "Ulilinunua kwa sababu gani, mwanangu?"

Nikampa jawabu langu la barazani: "Kwa ajili ya hewa, Ami. Lapunguza moshi."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Basi haja yetu ilikuwa moja, nasi hatukujua." Akasimama, akaniombea dua kwa gari langu, akaenda zake.

HESABU AMBAYO SIKUIFANYA

Usiku ule nilichukua karatasi na kalamu. Nakuomba uifuate hesabu hii, maana ni ndogo na ina mengi ndani yake.

Tuseme kila gari laenda kilomita 12,000 kwa mwaka. Gari langu la zamani lilihitaji lita 800. Hili la mseto lahitaji lita 500. Kwa hiyo nimeokoa lita 300. Pikapu ya Ami yaenda kilomita 6 tu kwa lita. Kwa mwaka yahitaji lita 2,000. Tuseme injini nzima ingeifikisha kilomita 8 kwa lita. Ingehitaji lita 1,500. Yeye angeokoa lita 500.

Yatazame tena. Mimi nilitoka 15 nikafika 24, hatua tisa. Yeye angetoka 6 akafika 8, hatua mbili tu. Na hatua zake mbili zingeokoa mafuta mengi kuliko hatua zangu tisa! Tena kwa sehemu ndogo tu ya fedha nilizotoa. Tena moshi mweusi wa dizeli, wenye masizi membamba yaingiayo ndani kabisa ya mapafu, ndio khasa unaoumiza vifua vya watoto niliokuwa nikiwataja barazani.

Kosa hili si langu peke yangu. Mwaka 2008 Richard Larrick na Jack Soll, wa Chuo Kikuu cha Duke huko Marekani, walilieleza katika jarida la Science. Walionyesha kuwa watu hudanganywa na kipimo cha masafa kwa galoni: wakiona tarakimu kubwa imekuwa kubwa zaidi, hudhani hapo ndipo palipookolewa mafuta mengi, na hali mafuta mengi huokolewa pale gari lenye kula sana linapopunguziwa ulaji kidogo tu. Na mwaka 2007 Thomas Turrentine na Kenneth Kurani, wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis, walieleza mazungumzo yao na nyumba 57 juu ya magari na petroli. Hawakukuta hata nyumba moja iliyokuwa imepiga hesabu ya mafuta kwa utaratibu katika kununua gari. Watu hununua, kisha ndipo wakatafuta sababu.

Hapo ndipo zile hoja zangu mbili ziliponianguka mkononi. Nilikuwa nikisema hewa haiulizi nia, na hilo ni kweli. Lakini kabla gari halijaifikia hewa, ni nani aliyelichagua? Ni nia. Lau nia yangu ingekuwa hewa, suali langu la kwanza lingekuwa: moshi mwingi katika mtaa huu watoka wapi? Jawabu lake lilikuwa nyumba ya tatu, na doa lake lilikuwa ukutani kwangu. Nililiona kila siku. Lakini kwa kuwa nia yangu ilikuwa kuonekana, suali langu likawa jingine: ni kitu gani kitakachoonekana juu yangu? Injini ndani ya pikapu ya Ami haionekani. Nani angejua kuwa fedha yangu imo chini ya boneti lile?

Sisi hudhani nia ni kama manukato, kwamba kitendo ni kile kile na nia huja baadaye ikakitia harufu nzuri au mbaya. La, hasha! Nia ni usukani. Ndiyo inayokata shauri tupinde kulia au kushoto. Mwenye kutaka kuonekana na mwenye kutaka kufaa huenda wakatembea njia moja kwa muda, lakini ikifika njia panda wataachana. Na kwangu mimi njia panda ilikuwa siku ile aliyokuja Ami.

YANAYOFUATA BAADA YA KUNUNUA

Kuna madhara mengine mawili niliyoyaona katika nafsi yangu, nayo nitayataja kwa ufupi.

La kwanza ni kujiruhusu. Zamani nilikuwa nikienda msikitini kwa miguu, mwendo wa dakika tano. Baada ya kununua gari la mseto nikaanza kwenda kwa gari, nikijiambia: hili halili mafuta. Mwaka 1865 Mwingereza aitwaye William Stanley Jevons aliandika kitabu juu ya makaa ya mawe ya nchi yake. Alionyesha kuwa mitambo ya mvuke ilipotengenezwa ikatumia makaa machache kwa kazi ile ile, Uingereza haikutumia makaa machache. Ilitumia mengi zaidi, kwa kuwa kitu kikiwa rahisi hutumiwa zaidi. Kwa magari nyongeza hii aghlabu haili akiba yote, lakini hula sehemu yake. Kutofuja kwa chombo ni jambo moja, na kutofuja kwa mwenye chombo ni jambo jingine. Chombo chaweza kununuliwa. Hilo la pili halina duka.

La pili ni dharau. Kabla ya kununua gari hili nilikuwa nikiuona moshi wa Ami kuwa moshi. Baada ya kulinunua nikaanza kuuona kuwa aibu ya Ami. Nilikuwa nikifunga dirisha kwa kishindo makusudi asikie. Hapa nimepata kipimo ambacho nakupa bure: mwenye kutaka hewa safi huuchukia moshi, mwenye kutaka sifa humchukia mwenye moshi. Ukijiona umeanza kumchukia mtu kwa ajili ya jema ulilolifanya wewe, simama ulichunguze jema lako.

ALAMA INAPOFUTIKA

Lakini sitaki uondoke na huzuni, maana habari hii ina upande wa kheri.

Leo magari ya mseto yamejaa na yamefanana na mengine. Huko Marekani, gari la Toyota Camry, gari la kawaida kabisa la familia, kuanzia toleo la mwaka 2025 lauzwa kwa namna ya mseto tu. Hakuna tena la petroli tupu. Anayelinunua hasifiwi na mtu. Hakuna anayegeuza shingo. Amenunua gari, basi. Na petroli yaokolewa vile vile, na moshi wapungua vile vile.

Pengine basi ile alama ya mwanzo ilikuwa kama jukwaa la waashi. Nyumba haijengwi bila ya jukwaa, lakini ikisha kujengwa jukwaa huondolewa, wala hakuna anayelala juu yake. Jamii ina haki ya kutumia hata majivuno ya watu wake kama jukwaa la kupandia. Lakini wewe na mimi, kila mmoja katika nafsi yake, tusilidhani jukwaa kuwa ndiyo nyumba. Wema ukibaki baada ya watazamaji kuondoka, hapo ndipo utajua kuwa ulikuwapo.

NASAHA ZANGU KWAKO

Sikukatazi kununua gari la mseto. Langu mimi nalipenda na lanifaa. Ila ukiwa na azma hiyo, nakuomba ufanye mambo manne.

Kwanza, piga hesabu kabla ya kufungua mkoba. Waenda kilomita ngapi kwa mwaka? Mjini penye foleni, au safari ndefu? Na kumbuka kuwa gari lililotumika lina betri iliyotumika. Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililopita miaka 8, lakini hata miaka mitano au sita ni kazi kwa betri. Mtafute fundi anayeyajua magari haya aipime kabla hujalipa, na uiweke gharama ya betri katika hesabu yako tangu siku ya kwanza. Kutojua si kutawakali.

Pili, tazama penye moshi mwingi kabla ya kutazama penye macho mengi. Huenda jema kubwa unaloliweza haliko katika gari lako kabisa. Liko katika jiko la kuni la mama yako, ambalo moshi wake waingia machoni mwake kila siku; au katika injini ya jirani.

Tatu, likiisha kuwa lako, usiliongezee safari kwa kuwa ni rahisi. Miguu haina moshi.

Nne, na hili ndilo zito, kaa mwezi mzima bila kumwambia mtu sababu ya kulinunua. Wakikuuliza, sema lilipatikana kwa bei nzuri, ikiwa ni kweli, au badili mazungumzo. Mwezi ukisha, jitazame. Ikiwa raha yako ya kulimiliki ingalipo, hukununua sifa. Ikiwa raha imepungua, basi umekwisha kujua ulinunua nini, na kujua ni nusu ya dawa.

MWISHO

Huenda wataka kujua habari ya Ami. Wiki chache baada ya mazungumzo yetu, pikapu ilizimika usiku ikiwa na mgonjwa ndani. Vijana wakaja kugonga kwangu saa nane. Nilimchukua yule mama na bintiye tukaenda hospitali. Njiani hakuna aliyetazama gari wala kuuliza ni la namna gani. Walitaka kufika tu, tukafika. Niliporudi karibu na alfajiri, nilimkuta Ami amekaa mlangoni kwake akinisubiri aulize hali ya mgonjwa.

Tangu siku hiyo nampa kila mwezi kiasi ninachokiweza. Nami nimewaeleza watu wawili watatu wa barazani, nao hutoa chao, kila mmoja kwa mkono wake, na nani katoa kiasi gani hatuulizani. Injini bado haijatimia, lakini haiko mbali. Mpaka rangi wangu ameniuliza mara mbili kama nataka lile doa la ukutani alipake chokaa. Nimemwambia aliache kwanza.

Mwenyezi Mungu atujaalie vyombo vizuri na nia zilizo bora kuliko vyombo vyetu, na atufanye tuwafae majirani zetu kabla ya kuwapendeza. Amin.

Wassalaam.